Usaili wa shule ya bweni ya jeshi: namna ya kumwandaa mtoto ukiwa Kigoma au Tabora

Kila mwaka, Juni ikishapita, wazazi wa darasa la saba huanza kunisubiri nje ya ofisi ya walimu. Wengi wao wana neno moja: "Mwalimu, huyu nataka nimpeleke jeshini akanyooke." Mtoto mwenyewe kasimama pembeni anatazama viatu vyake. Nimeandika kwa ajili ya hao wawili, na msimamo wangu nautoa mapema. Usaili wa shule hizi hauvukwi kwa majibu ya kukariri. Wanaovuka ni watoto waliofanyia kazi Kiingereza na hesabu kwa miezi, waliozoea kujihudumia, na wanaojua wenyewe kwa nini wako pale. Hayo huwezi kuyapika wiki ya mwisho.

Jua kwanza unaomba shule gani

Jeshi la Wananchi wa Tanzania na Jeshi la Kujenga Taifa wana shule zao za sekondari. Kwa sisi wa magharibi iliyo karibu ni Unyanyembe, pale Tabora. Nyingine wazazi wa huku wanazozitaja sana ni Makongo, Airwing na Jitegemee za Dar es Salaam, Kizuka ya Morogoro, Kawawa ya Mafinga na Ruhuwiko ya Songea. Kabla hujalipia fomu yoyote, uliza kama shule ina nafasi za bweni kwa kidato unachotaka na kwa jinsia ya mtoto wako, maana si kila anayepokelewa hulala shuleni.

Tabora Boys na Tabora Girls ni habari nyingine. Hizo ni za serikali, na mtoto wa darasa la saba haendi kuziombea kwa usaili. Wanafunzi hupangwa na TAMISEMI kwa kuangalia matokeo. Akikujia mtu anakwambia anauza fomu za usaili za Tabora Boys, mpe chai umuage.

Kimasomo, shule za jeshi ni shule kama nyingine. Mtaala ni ule ule, na mitihani ya kidato cha pili na cha nne ni ya Baraza la Mitihani. Tofauti iko kwenye malezi: kuamka alfajiri, mchakamchaka, gwaride, usafi unaokaguliwa kweli, na baadhi ya walimu ni askari. Akimaliza hapo mtoto hajawa askari, wala hajawekewa nafasi jeshini. Ajira za jeshi zina matangazo na taratibu zake, na JKT kwa mujibu wa sheria, iliyorejeshwa mwaka 2013, huchukua wahitimu wa kidato cha sita wa shule za kila aina.

Kuna ada pia. Sekondari za serikali hazitozi ada tangu mwaka 2016, lakini hizi zinatoza, na juu ya ada kuna sare, godoro, nauli za likizo na michango. Omba orodha kamili ya malipo na mahitaji yote ya mwaka mzima, uijumlishe nyumbani kwa utulivu. Nimeona watoto waliofaulu vizuri wakarudishwa muhula wa pili kwa ada, na aibu ile anaibeba mtoto.

Na lile la "akanyooke": kama mtoto anatoroka, anaiba au kaanza bangi, usitegemee bweni limalize kesi iliyokushinda nyumbani. Shule inatafuta mtoto wa kufundisha. Shughulikia tatizo kwanza, na mwalimu wake wa sasa anaweza kukusaidia kuliko unavyodhani.

Muulize mtoto, halafu nyamaza

Hatua hii haigharimu kitu na ndiyo wazazi wengi wanairuka. Kaa naye wakati hakuna watu na umuulize: unataka kwenda? Akikujibu "nitakwenda popote baba utakaponipeleka", hiyo ni adabu tu, jibu bado hujalipata. Mwambie ukweli wa maisha ya kule: utalala chumba kimoja na watoto usiowajua, simu hutakuwa nayo, utakula kilichopikwa, utaniona siku za kutembelewa na likizo. Kisha mwache hata siku tatu.

Akisema anaogopa, muulize anaogopa nini hasa. Mara nyingi ni kitu kidogo chenye dawa: giza la kwenda chooni usiku, kukojoa kitandani, au maneno aliyosikia mtaani kwamba kule watoto wanabebeshwa viroba vya mchanga. Ikiwezekana mtafutie kijana anayesoma huko wakutane wakati wa likizo, wewe ukiwa mbali kidogo. Kumi na tatu na kumi na sita wanaelewana vizuri wazee wasipokuwepo.

Akikataa katakata, mimi nakushauri uache. Wanaosaili wameshaona watoto wengi walioletwa kwa nguvu, na huwatambua kabla hawajakaa kwenye kiti.

Kiingereza na hesabu: kazi ya miezi

Usaili huanza na karatasi. Karibu kila mahali kuna mtihani wa Kiingereza na wa Hisabati, na baadhi ya shule huongeza Sayansi au maarifa ya jumla. Anayeanguka hapo hafiki chumba cha mahojiano, hata awe na nidhamu ya kupigiwa mfano. Na ukuta wa watoto wetu wengi ni mmoja: wamesoma shule za msingi za Kiswahili, karatasi inakuja kwa Kiingereza.

Kwenye Hisabati, kasoro mara nyingi haiko kwenye hesabu yenyewe. Mtoto anajua kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), anajua mzingo wa mstatili, wastani, riba na asilimia. Mwandikie swali lile lile kwa Kiingereza uone anavyolikodolea macho. Kwa hiyo anza na daftari moja lililogawanywa katikati. Upande wa kushoto andika maneno ya hesabu kwa Kiswahili kama alivyoyazoea, upande wa kulia mwalimu wake wa Kiingereza amwandikie yale yanayotumika kwenye mitihani. Maneno matano kwa siku yanatosha, kila neno na swali lake moja. Ndani ya miezi miwili atakuwa na msamiati wa kumvusha.

Kuna mtego wa saa ambao huwaangusha hata wale wakali. Chukua swali hili: basi liliondoka Kasulu saa 12:30 asubuhi, likafika Kigoma mjini saa 2:45 asubuhi, limetumia muda gani? Kwa Kiswahili mtoto anajibu bila shida: saa 2 na dakika 15. Kwenye karatasi ya Kiingereza safari hiyo hiyo imeandikwa kwamba iliondoka 6:30 ikafika 8:45. Muda wa safari ni ule ule, lakini swali likigeuka kuwa "basi lilifika saa ngapi", mtoto ataandika 2:45 kwa mazoea na atakosa alama ya bure. Mfanyishe zoezi la kugeuza saa kila siku, kwa vitu vya nyumbani: saa ya chai, saa ya adhana, saa ya taarifa ya habari.

Kwa Kiingereza cha kuandika, usihangaike na sarufi ngumu. Kila jioni aandike sentensi tano za kweli kuhusu siku yake: aliamka saa ngapi, alikula nini, nani alikuja nyumbani. Kesho yake zisahihishwe na azisome kwa sauti. Baada ya muda anaweza kuandika aya nzima juu ya familia yake au safari aliyowahi kufanya, na insha za usaili huzunguka humo humo. Kusoma kwa sauti usikuache, kwa sababu ndiko kunakomwandaa kwa yule msaili anayemwambia ghafla ajitambulishe kwa Kiingereza.

Tafuta pasti pepa za usaili za miaka ya nyuma, kwenye shule yenyewe au kwa wazazi waliotangulia. Azifanye kwa saa, mezani, bila redio. Tuisheni ni nzuri kama mwalimu ana watoto wachache. Ile ya watoto sitini chini ya mwembe ni afadhali mtoto abaki nyumbani na daftari lake. Na asisahau mtihani wa Taifa wa Septemba. Una masomo sita ya alama 50 kila moja, jumla 300, na shule hizi huuliza matokeo hayo.

Mkono wake umzoee mwenyewe

Jumamosi moja mpe beseni, kipande cha sabuni ya mche na shati lake jeupe la shule. Usimwelekeze. Likikauka angalia mahali pawili, kola kwa ndani na kwapani. Kama weusi bado upo, basi nyumbani kwako kuna dada au mama anayemfulia, na mtoto hajui kwamba kola husuguliwa kwanza kwa sabuni kavu kabla shati halijalowekwa lote. Mfundishe hivyo mara moja, kisha nguo zake za shule ziwe kazi yake kila Jumamosi hadi aondoke.

Mengine yaende kwa mtindo huo huo: kutandika kitanda shuka likavutika, kutundika chandarua na kukichomekea, kupiga pasi ya mkaa bila kuunguza, kushona kifungo, kupiga kiwi viatu, kuoga kwa ndoo moja, kudeki. Pia kutunza pesa kidogo. Mpe shilingi elfu mbili ya wiki na usimwongezee ikiisha Jumanne.

Kuamka. Shule hizi siku huanza gizani. Mtoto aliyezoea kuamshwa mara tatu aanze sasa kuamka kwa saa ya mezani, si ya simu, maana simu hatakuwa nayo. Akiamka akimbie polepole mtaani, dakika kumi mpaka ishirini, siku nne kwa wiki, kisha anywe uji. Hakuna anayemtaka awe mwanariadha. Anatakiwa asizimie kwenye mchakamchaka wa kwanza. Kwa wa Kigoma milima ya Mwanga inatosha kabisa kwa zoezi. Wa Tabora, kuna barabara tambarare zenye kivuli cha miembe, hamna cha kujitetea.

Kula nako ni maandalizi. Mtoto aliyekulia kwenye mgebuka, mawese na ugali wa muhogo akifika kule atakutana na ugali wa mahindi kwa maharage, leo, kesho na keshokutwa. Mzoeshe kula kilichopo bila kuchambua, na kumaliza sahani kwa wakati.

Kwa binti, mama au shangazi amweleze hedhi mapema hata kama haijaanza, amwonyeshe matumizi ya pedi na namna ya kuhesabu siku. Asifike bwenini akajifunze kwa hofu.

Na utii una mpaka wake. Kwenye malezi ya kijeshi mtoto hufundishwa kutii amri, na ni jambo jema, lakini kabla ya kumpeleka mahali pa amri umfundishe amri zisizotiiwa. Mtu yeyote, awe mwalimu, afande, kiranja au mwanafunzi mkubwa, akimtaka amguse au aguswe sehemu za siri, au amfiche mzazi jambo, aseme hapana na aende kwa matroni, kwa mwalimu wa malezi au kwako. Akariri namba 116, ni simu ya bure ya kusaidia watoto nchini. Mwambie hayo kwa lugha ya wazi, bila kuzungukazunguka.

Afya: pima kabla hujaulizwa

Fomu nyingi zina ukurasa wa daktari. Usisubiri fomu. Nenda hospitali mwezi mmoja kabla ili kinachotibika kitibiwe.

Cha kwanza kwangu ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi wenye ugonjwa huu, na wapo wanaofika darasa la saba wakiambiwa tu kwamba ni watu wa "miguu kuuma". Baridi ya alfajiri, kukimbia na kukosa maji ya kutosha huweza kumletea mtoto wa namna hiyo maumivu makali na hatari. Pumu, kifafa na matatizo ya moyo vipimwe pia na viandikwe kwenye fomu kama vilivyo. Mzazi anayeficha ili mtoto asikataliwe anamweka mwanawe mahali ambapo hakuna anayejua cha kufanya akianguka.

Mtoto wa mwambao anayeogelea ziwani apimwe kichocho. Macho yaangaliwe, mtoto anayesogeza daftari puani huenda haoni ubao, na hilo ni tatizo la miwani. Anayekojoa kitandani bado, msimtukane. Apimwe mkojo, apunguziwe vinywaji usiku, azoeshwe kuamka mara moja, na matroni aambiwe faraghani siku ya kuripoti. Wamezoea, na kwa kawaida humpa kitanda cha chini kilicho karibu na mlango.

Makaratasi

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, na kama hakipo anza leo kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, maana foleni yake haina huruma. Picha ndogo za pasipoti, barua au ripoti za maendeleo kutoka shule ya msingi, namba ya PREM (namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani), kitambulisho cha mzazi, kadi ya bima kama anayo. Fotokopi mbili za kila kimoja, zikae bahasha tofauti na nakala halisi.

Angalia tahajia ya majina. Yusuf kwenye cheti, Yusuph kwenye rejista ya shule, Yusufu kwenye kadi ya kliniki: ni mtoto mmoja, lakini kwa karani ni watoto watatu. Mwalimu mkuu anaweza kurekebisha kwenye mfumo kabla usajili wa mtihani wa darasa la saba haujafungwa. Baada ya hapo ni safari za kwenda na kurudi. Sisi watu wa mkoa wa mpakani tunaulizwa zaidi habari za mahali tulipozaliwa, kwa hiyo makaratasi yakae sawa na usichukie kuulizwa.

Chumba cha mahojiano

Mtoto ataingia chumba chenye watu wawili, watatu, pengine mmoja wao kavaa sare. Abishe hodi, asubiri kuitwa, aingie, asimame wima, mikono ubavuni, aseme "Shikamoo" kwa sauti ya kusikika, asikae mpaka aambiwe. Basi. Msimfundishe kupiga saluti. Hiyo ni ya askari. Neno "afande" akilisikia linatumika pale alitumie, la sivyo "mwalimu" linatosha.

Sauti huwashinda wengi, hasa watoto wapole wa kwetu waliofundishwa kwamba kumjibu mkubwa ni kunong'ona ukiangalia chini. Zoezi lake: yeye asimame mlango wa mbele, wewe uwe jikoni, mzungumze hivyo hivyo bila kupiga kelele. Afundishwe pia kumtazama anayemuuliza usoni, angalau kwenye paji la uso. Lafudhi ya Kiha au ya Kinyamwezi si kosa, msimcheke wala msimrekebishe mpaka akaogopa kufungua mdomo.

Mahojiano ya majaribio yafanywe na mtu asiye mzazi: mjomba mkali kidogo, jirani mstaafu, mwalimu wa darasa jingine. Mzazi hawezi, atamsaidia kujibu. Nikiwafanyia watoto zoezi hili, la kwanza huwa hivi:

"Kwa nini unataka kusoma shule hii?"

"Nataka kusoma shule hii kwa sababu ina nidhamu na taaluma bora, na ninapenda kulitumikia taifa langu."

"Nidhamu ni nini?"

Kimya. Macho yanahamia dirishani.

Jibu la kwanza lilikuwa la baba. Swali la pili lilimkuta mwenyewe. Dawa yake ni kumuuliza mtoto maswali ya "kwa nini" mpaka afike kwenye neno lake. Mmoja niliyemfanyisha hivyo alizunguka weee, mwisho akasema: "Nyumbani tuko wengi, usiku taa inazimwa mapema, sipati pa kusomea. Halafu napenda gwaride, shuleni mimi ndiye ninayepandisha bendera." Nikamwambia hilo ndilo jibu, usiongeze kitu. Ni la kweli, na ukilichimba linazidi kutoa.

Ataulizwa habari za kwao. Hapa huwa nasikitika, maana watoto wanajua mito ya Ulaya na hawajui mtaa wao. Niliwahi kumuuliza mtoto wa Ujiji, "Ujiji kuna nini?" akasema, "Kuna soko." Wa Kigoma ajue kwamba Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, kwamba reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, kwamba MV Liemba ni meli iliyojengwa Ujerumani, ikazamishwa vitani mwaka 1916, ikaopolewa na kurudi kazini, kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 na duniani linapitwa kwa kina na ziwa moja tu, la Baikal, kwamba utafiti wa sokwe wa Gombe aliuanzisha Jane Goodall mwaka 1960. Wa Tabora amjue Mtemi Mirambo, ajue kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, kwamba uamuzi wa busara wa TANU, ule wa kukubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, ulifanyika Tabora mwaka 1958, na kwamba reli ya Mwanza na ya Kigoma zinaachana hapo. Asali na tumbaku asivisahau. Ukiweza, mpeleke akaone kwa macho. Mtoto aliyeliona ziwa akiwa bandarini anaeleza tofauti na aliyelisoma.

Habari za jeshi ziwe chache na za uhakika: JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, JWTZ tarehe 1 Septemba 1964, Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, Siku ya Mashujaa ni 25 Julai, Vita vya Kagera vilikuwa 1978 hadi 1979. Jina la Mkuu wa Majeshi aliyepo alipate kwenye taarifa ya habari ya wiki hiyo. Zaidi ya hapo unampakia mzigo bure.

Kuna maswali ya tabia, na hayo ndiyo ninayoyapenda. "Umemwona rafiki yako anaiba sabuni ya mwenzenu, utafanyaje?" "Umeadhibiwa kwa kosa ambalo si lako, utafanya nini?" "Mama yako akikupigia simu anaumwa na wewe una mtihani?" Hakuna jibu moja. Msaili anasikiliza kama mtoto anafikiri au anatafuta kumfurahisha. Mezani wakati wa chakula cha usiku mtupie swali moja la namna hii, na ukimaliza kumsikiliza mpinge kidogo. Akibadilisha jibu kila ukimpinga, endelea na zoezi.

Asilolijua aseme, "Hilo silijui, mwalimu." Sentensi hiyo ifanyiwe mazoezi kama nyingine, kwa sababu watoto huiona kama kushindwa.

Mzazi naye anaweza kuitwa. Utaulizwa kazi yako, ada utalipaje, mtoto ana tabia gani. Jibu yanayokuhusu. Swali la mtoto mwachie mtoto, hata akikwama. Wapo kina baba ambao huwakosesha watoto nafasi kwa kiherehere tu.

Safari na siku yenyewe

Kutoka Kigoma hadi Tabora kwa reli ni zaidi ya kilomita 400, na kwa barabara utapita Uvinza, daraja la Kikwete pale Malagarasi, kisha Urambo. Treni huchelewa, basi huharibika. Panga kufika Tabora siku moja kabla, mbili ukiweza, ulale kwa ndugu au nyumba ya wageni ya kawaida. Njiani ale vya nyumbani: maandazi, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji. Chipsi za stendi zisubiri wakati wa kurudi. Septemba na Oktoba Tabora ni joto na vumbi, kwa hiyo shati la usaili lisafiri limekunjwa begini, asilivae garini.

Avae sare ya shule yake ya msingi, iliyofuliwa na kupigwa pasi, hata kama imepauka. Nywele fupi, kucha zimekatwa, viatu vyeusi alivyokwisha kuvizoea. Viatu vipya vinavyobana vimewahi kumtoa mtoto machozi kabla hajaingia mtihani. Na tafadhali usimvalishe kombati ya kitoto au kofia ya mabaka ukidhani utawafurahisha. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na getini ndiko mahali pabaya zaidi pa kulijua hilo. Ukiwa eneo la jeshi usipige picha, na simu yako iweke kimya.

Kalamu mbili, penseli, rula, kifutio, chupa ya maji. Kusubiri huwa kurefu. Mwambie asimame kwenye mstari wake, asisukumane, akisikia jina lake aitike mara moja, maana wanaosaili wana macho hata nje ya chumba. Asubuhi hiyo usimuulize swali lolote la majaribio. Muombeeni dua, mpeni chai.

Wanaouza nafasi

Msimu huu huleta watu wenye sauti nzito kwenye simu. "Mzee, mimi niko makao makuu, kijana wako nimemuona kwenye orodha, tuma kidogo tumalizie." Shule ya jeshi haiuzi nafasi kwa namba ya mtu. Malipo ya fomu na ada hupita kwenye akaunti ya shule au kwa kontrol namba, na unapewa risiti. Maswali yote piga au nenda ofisi ya shule, kwa namba iliyoandikwa kwenye fomu rasmi. Ukishatuma pesa kwa tapeli utaona aibu kwenda polisi, naye anaitegemea aibu hiyo.

Majibu yakitoka

Akichaguliwa utapewa maelekezo ya kujiunga na tarehe ya mwisho ya kuripoti na kulipa. Tarehe hiyo wanaiheshimu kweli. Nafasi isiyolipiwa hupewa wa akiba. Tranka nunua la bati nene na kufuli lenye funguo mbili, moja ibaki kwa matroni. Kila kitu kiandikwe jina: ndoo na fyekeo kwa rangi ya mafuta, nguo kwa uzi kwenye pindo la ndani. Wino hufutika baada ya kufua mara nne.

Akiwa wa akiba, piga simu shuleni wiki ya kuripoti na wiki inayofuata, kwa adabu, kwa sababu wapo ambao hawafiki. Wakati huo huo usiache nafasi aliyopangiwa na serikali. Akaripoti Januari, aanze masomo na wenzake. Akikosa kabisa, mwombe msaili au ofisi ya taaluma wakwambie alianguka wapi, karatasi au mahojiano, kisha umwambie mtoto ukweli huo bila kumlinganisha na wa jirani. Nafasi za kuhamia hutokea mwisho wa kidato cha kwanza, na nyingi zina mtihani wao. Anayezitaka aombe mapema Oktoba au Novemba, kabla mambo ya usajili wa mtihani wa kidato cha pili hayajaanza kumfunga kwenye shule aliyopo.